Jeni za bakteria wanaokula mafuta: jinsi ya kuzitafuta kwenye udongo wa gereji, Arusha na Moshi

Pale ambapo oili chafu imemwagwa miaka nenda rudi, ardhi inakuwa nyeusi na kushikana kama lami, na maji ukiyamwaga yanabaki juu vidonge vidonge. Lakini chimba sentimita chache tu, utakuta bakteria wanaoishi kwa kula hicho hicho kilichoua majani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujua kama wapo, wana jeni zipi, na jibu hilo ulitumie vipi kusafisha eneo. Kazi ya sahani, yaani kuotesha bakteria, inawezekana kwa vifaa vya maabara ya sekondari. Kazi ya PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi mpaka kionekane, inataka maabara ya molekuli, kama zilizopo Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru.

Jambo moja litangulie, kwa sababu miongozo mingi inayosambaa iliandikwa kwa udongo wa nchi nyingine. Udongo wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro umetokana na majivu ya volkano, na sehemu nyingi una alofani, madini laini sana yanayonasa fosfeti kama ulimbo unavyonasa ndege. Sasa, uti wa mgongo wa DNA umejengwa kwa fosfeti. Kwa hiyo udongo huu unakufanyia hila mara mbili: kwenye kichupa unashika DNA usiione, na shambani unashika mbolea ya fosfeti bakteria wasiipate. Anayesahau hili huishia kuandika "hakuna bakteria wa mafuta" mahali ambapo wamejaa tele.

Unatafuta jeni gani

Dizeli, mafuta ya taa na oili ni mchanganyiko wa hidrokaboni. Mbili zinatuhusu zaidi: alkani, yaani minyororo ya kaboni, na aromatiki, zenye pete. Zote zina shida moja kwa bakteria: ni kaboni na hidrojeni tupu, hakuna pa kushika. Kazi ngumu ni ile ya kwanza, kuchomeka oksijeni. Ikishaingia, mnyororo unageuka alkoholi, kisha asidi ya mafuta, na kuanzia hapo unaliwa kwa njia ile ile inayotumika kwa mafuta ya kula. Ndiyo maana tunatafuta jeni za hatua ya kwanza. Jeni za mwishoni anazo karibu kila bakteria, kuzikuta hakukuambii kitu.

Kwa alkani, jeni mashuhuri ni alkB. Ilichunguzwa sana kwa Pseudomonas putida GPo1, ambaye ameibeba kwenye plasmidi (kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu) iitwayo OCT. Kimeng'enya chake hukaa ndani ya utando wa seli kikiwa na atomi mbili za chuma zilizoshikwa na amino asidi iitwayo histidini, na hakifanyi kazi peke yake: kinaletewa elektroni na wasaidizi wawili, alkG na alkT. Cha GPo1 hushughulika na minyororo ya kaboni 5 hadi 12. Ndugu zake kwa bakteria wengine hufika 16 hivi. Minyororo mirefu zaidi ina vimeng'enya vingine, vya jeni kama almA na ladA. Hapa pana somo la gereji: oili ya injini ni minyororo mirefu, kaboni 20 kwenda juu, pamoja na pete. Kwa hiyo alkB hafifu mahali pa oili chafu si ajabu, ila alkB hafifu chini ya tanki la dizeli linalovuja inafaa ikushtue.

Kwa aromatiki, tafuta nahAc ya naftalini (iko kwenye plasmidi NAH7 ya P. putida G7) na xylE, ambayo hupasua pete ya katekoli, kitu kinachopatikana aromatiki zikishaingizwa oksijeni (plasmidi pWW0 ya P. putida mt-2). Mycobacterium wana za kwao, kama nidA, ambazo praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoielekeza PCR kwenye jeni) za kundi la Pseudomonas hazizioni. Mahali pasipo na hewa, mfano tope chini ya shimo la oili, hakuna oksijeni ya kuchomeka. Huko bakteria huunganisha hidrokaboni na fumareti, na jeni zake ni bssA na assA. Tope linalonuka yai bovu usilipime kwa alkB pekee.

Mtego mmoja wa majina: Escherichia coli naye ana jeni iitwayo alkB, lakini hiyo ni ya kukarabati DNA iliyoharibika. Haina uhusiano wowote na mafuta. Ukitafuta "alkB" kwenye hifadhidata bila kusoma maelezo, utapakua maelfu ya hizo na kulinganisha sampuli yako na kitu kisichohusika. Tafuta "alkane 1-monooxygenase".

Kuchukua udongo

Chagua doa moja, mfano mita 5 kwa 5. Kwangua ganda la juu lililoshikana, kisha chukua udongo wa sentimita 5 hadi 15 kutoka pointi tano na uchanganye kwenye ndoo ya chuma. Tumia chupa za jemu za kioo zilizochemshwa, na uweke karatasi ya foili chini ya kifuniko. Plastiki laini hunyonya hidrokaboni na nyingine hutoa za kwake. Kati ya doa na doa, safisha koleo kwa sabuni, suuza, futa kwa spiriti.

Sampuli ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza: udongo safi wa aina ile ile, mita 30 hadi 50 upande wa juu wa mteremko, mbali na barabara. Bila hiyo huna cha kulinganisha, maana alkB chache zipo karibu kila udongo. Nta ya majani nayo ni alkani.

Weka chupa kwenye barafu. Toka Moshi mpaka Tengeru si mbali, kwa hiyo hakuna sababu ya kulaza sampuli kwenye joto. DNA ianze kutolewa ndani ya saa 24, au udongo ugandishwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ule wa kuotesha bakteria usiugandishe. Uweke kwenye friji ya kawaida.

Ukirudi, pima kama udongo una alofani. Kwanza dondoshea siki kali au asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Ukitoa povu una kabonati, na jaribio linalofuata litakudanganya. Udongo wa tambarare zenye magadi mara nyingi uko hivyo. Usipotoa povu, yeyusha gramu 4 za sodiamu floridi kwenye mililita 100 za maji, changanya gramu 1 ya udongo na mililita 50 za maji hayo, pima pH baada ya dakika 2. Ikizidi 9.4, alofani ipo. Vaa glovu, na usimwage floridi kwenye sinki ovyo. Maji ya huku yanayo ya kutosha tayari, meno ya kahawia ni ushahidi.

Chakula cha kuoteshea

Kanuni ni kuwapa bakteria kila kitu isipokuwa kaboni, halafu mafuta yawe kaboni pekee. Chakula cha Bushnell na Haas kwa lita moja ya maji:

magnesiamu salfeti (yenye maji saba) gramu 0.2
kalisi kloridi gramu 0.02
potasiamu fosfeti, ya haidrojeni mbili (KH2PO4) gramu 1 na ya haidrojeni moja (K2HPO4) gramu 1
ammoniamu naitreti gramu 1
chuma kloridi (FeCl3) gramu 0.05

Rekebisha pH iwe 7. Kwa sahani ongeza agari gramu 15. Chuma kipikwe peke yake na kuongezwa mwisho, la sivyo kinashikana na fosfeti na kutulia chini kama kutu.

Maji yawe yaliyotoneshwa. Ya bomba ya Arusha yana floridi na baikaboneti, pH itakusumbua. Wengi hununua "maji ya betri" gereji, na yanafaa, ila kwa jina hilo hilo huitwa pia asidi ya betri. Chovya karatasi ya litmasi kabla ya kumimina chochote.

Kuua vijidudu: sufuria ya presha inatosha, lakini usiige dakika 15 za vitabuni. Kipimo cha sufuria husoma presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, na Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi. Pauni 15 zinazoleta nyuzi 121 Tanga, Arusha zinaleta kama 118, na Moshi kama 119. Nenda dakika 30. Dizeli yenyewe usiipike kamwe. Ni hatari ya moto. Ipitishe kwenye chujio la mikromita 0.22 la PTFE.

Otesha hivi: chupa ya mililita 250, chakula mililita 50, udongo gramu 1, dizeli mililita 0.5, kizibo cha pamba. Tikisa kwa mizunguko 150 kwa dakika kwenye nyuzi 28 hadi 30, siku 7. Mwezi wa Julai chumba cha Arusha usiku hakifiki hata nyuzi 20, kwa hiyo bila inkubeta weka wiki mbili. Kisha hamisha mililita 0.5 kwenye chupa mpya. Rudia mara tatu. Asiye na mashine ya kutikisa akoroge kwa mkono kila anapopita, lakini asitumie pampu ya samaki: itapeperusha sehemu nyepesi ya dizeli, na wewe utadhani imeliwa.

Kwa sababu hiyo hiyo weka chupa mbili za ulinganisho: moja ina dizeli bila udongo, nyingine ina udongo uliopikwa. Katika chupa inayofanya kazi, utando wa dizeli unakatika matone, maji yanageuka maziwa, na pH inashuka. Ikiwa chupa ya udongo uliopikwa nayo imekuwa hivyo, umechafua mahali.

Angalizo: anayeshinda kwenye chupa ni mwenye mbio, mara nyingi Pseudomonas. Mycobacterium, anayekula pete ngumu polepole huko ardhini, anaachwa nyuma. Jeni utakazokuta kwenye chupa ni za chupa. Toa DNA ya udongo mbichi wa siku ya kwanza pia, hata kama ni kazi mara mbili.

Sahani zinazobadilika rangi

Hapa ndipo jeni inaonekana kwa macho bila mashine yoyote. Tumia sahani za kioo, kwa kuwa zile nyepesi za plastiki zinalainika zikikutana na mvuke wa mafuta.

Naftalini ni vidonge vyeupe vya nondo vya dukani, lakini kuna vinavyofanana navyo ambavyo ni paradiklorobenzini. Yeyusha chumvi kwenye glasi ya maji mpaka isiyeyuke tena, tumbukiza kidonge. Naftalini inaelea, paradiklorobenzini inazama. Ponda fuwele chache, ziweke kwenye kifuniko cha sahani iliyogeuzwa juu chini. Mvuke utapanda wenyewe kwenye agari. Fanyia kazi penye hewa. Mvuke wa naftalini ni hatari zaidi kwa mtoto mchanga na kwa yeyote mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD.

Baada ya siku 3 hadi 5 utaona koloni ndogo. Usishangilie bado: agari ina uchafu wake wa kaboni, na bakteria wengi huota koloni nyembamba juu ya sahani isiyo na mafuta kabisa. Otesha sahani hiyo tupu sambamba, na uhesabu zile tu zinazonenepa penye mvuke.

Sasa jaribio la katekoli. Yeyusha gramu 1.1 ya katekoli kwenye mililita 100 za maji, muda ule ule wa kutumia. Ikilala inageuka kahawia na haifai. Ni sumu inayopenya ngozi, vaa glovu na miwani. Kabla ya kupuliza, nakili kila koloni kwenye sahani nyingine kwa kijiti, kwa sababu zinazopulizwa mara nyingi hufa. Puliza ukungu mwembamba. Koloni yenye xylE inayofanya kazi, au ndugu yake, inaanza kupata umanjano pembeni ndani ya dakika chache, kisha yote inakuwa njano ya kiini cha yai, na rangi inatambaa kidogo kwenye agari kuizunguka. Njano hiyo ni pete ya katekoli iliyopasuliwa. Koloni jirani, iliyonona vile vile, inaweza kubaki nyeupe: ama haina jeni, ama inapasua pete kwa njia ya pili, ya catA, ambayo haitoi rangi. Kwa hiyo njano ni ndiyo, nyeupe si hapana.

Wanaokosa njano kabisa mara nyingi wameotesha kwenye chakula chenye glukosi au mchuzi wa nyama. Bakteria aliyeshiba hafungui jeni za njaa. Kwa upande wa naftalini swichi ni nahR, na inawashwa na salisileti, ambayo bakteria anaitengeneza mwenyewe anapoanza kuila naftalini. Bila mvuke, swichi imezimwa. Koloni iliyozeeka siku kumi nayo imechoka. Puliza ya siku 2 hadi 3 tangu ianze kunenepa.

Kwa nahAc kuna jaribio zuri zaidi: badala ya kupuliza, weka fuwele mbili tatu za indoli kwenye kifuniko, karibu na naftalini. Kimeng'enya kilekile kinachochomeka oksijeni kwenye naftalini kinaichomeka kwenye indoli, na matokeo yake ni nili, ile ile ya kutia rangi nguo. Koloni inakuwa bluu kwa usiku mmoja. Vimeng'enya vichache vingine hutoa bluu pia, kwa hiyo thibitisha kwa PCR.

Kutoa DNA kwenye udongo wa volkano

Ukiwa na kiti (seti ya dukani ya kutolea DNA), ifuate, ila soma kuhusu maziwa hapa chini. Bila kiti, fanya hivi. Kwenye kichupa cha mililita 2 chenye kifuniko cha skrubu weka udongo gramu 0.3, shanga za kioo za milimita 0.1 gramu 0.3, na bafa mikrolita 800 (Tris milimola 100, EDTA milimola 100, sodiamu fosfeti milimola 100, chumvi mola 1.5, CTAB asilimia 1, pH 8). Gonga kwa mashine ya shanga sekunde 30, pumzisha kwenye barafu, rudia. Ongeza SDS ya asilimia 20 mikrolita 90, weka nyuzi 65 saa moja, ukipindua kila dakika 15. Zungusha kwa g 6,000 dakika 10. Majimaji ya juu changanya na klorofomu-isoamili (24 kwa 1) kiasi kilekile, zungusha tena, chukua tabaka la juu bila kugusa ukungu wa katikati. Ongeza isopropanoli mara 0.6 ya ujazo, acha saa moja kwenye joto la chumba, zungusha g 16,000 dakika 20, osha kwa ethanoli baridi ya asilimia 70, kausha, yeyusha kwenye mikrolita 50. Isopropanoli usiiweke kwenye friza ukidhani utaongeza mavuno. Itatua chumvi na CTAB, siyo DNA.

Mtu akifuata hayo yote kwa udongo mweusi wa miteremko, mara nyingi kichupa kinatoka kitupu. Bakteria wamepasuka, DNA imetoka, na hapo hapo alofani imeinasa. Dawa yake ni kuipa alofani kitu kingine cha kunasa kwanza. Fosfeti ya kwenye bafa inasaidia kiasi. Inayosaidia zaidi ni protini ya maziwa: maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, miligramu 20, yakorogwe na bafa kabla ya kugusa udongo. Kasini inajaza nafasi, DNA inabaki majini. Jaribu vichupa vitatu sambamba, bila maziwa, na miligramu 20, na 40. Ukizidisha, tabaka jeupe la katikati linanenepa mpaka huwezi kupata majimaji ya juu.

Lakini maziwa yana kasoro ambayo wengi hawaifikirii. Bakteria wanaoharibu maziwa yaliyokaa kwenye baridi ni pamoja na Pseudomonas na Acinetobacter, makundi yale yale yanayobeba alkB. Unga umekaushwa, wao wamekufa, DNA yao imebaki. Kila mara tengeneza kichupa chenye maziwa na bafa bila udongo, ukipitishe hatua zote mpaka PCR. Kikitoa mstari kwenye jeli ya PCR, badilisha maziwa.

Kujua kama tatizo ni kunaswa kweli, chukua mikrogramu 1 ya DNA ya lamda (kirusi cha bakteria, DNA yake huuzwa tayari), ichanganye na udongo, toa, pima imerudi kiasi gani. Ni jaribio la mchana mmoja, linakuokoa miezi.

DNA yako ikiwa na rangi ya chai ya rangi, ina asidi za humiki, zitokanazo na mboji ya udongo, na PCR itagoma. Zimua mara 10 na mara 50 na upime zote. Iliyozimuliwa ikitoa mstari na ile nzito isitoe, jibu umelipata.

PCR

Praima za alkB zinazotumika sana:

alkB-1f: AAYACNGCNCAYGARCTNGGNCAYAA
alkB-1r: GCRTGRTGRTCNGARTGNCGYTG

Kipande kinachotoka kina herufi karibu 550. Zitazame kidogo. Ya kwanza ukiifasiri kuwa amino asidi inasoma N-T-A-H-E-L-G-H-K. Ya pili, ikigeuzwa, inasoma Q-R-H-S-D-H-H-A. Hizo H ni histidini zinazoshika chuma. Bakteria akizibadilisha, kimeng'enya kinakufa, kwa hiyo karibu wote wamezihifadhi, na ndiyo maana praima zimewekwa pale. Herufi kama Y, R na N maana yake mahali hapo pana mchanganyiko. Ukizidisha machaguo, praima ya kwanza ni mchanganyiko wa aina 4,096, ya pili 512. Inayolingana kabisa na jeni yako ni chembe ndogo ya ulichoweka. Kwa hiyo ule ukolezi wa kawaida wa mikromola 0.2 hautoshi, weka mikromola 1.

Kwa mikrolita 25: mchanganyiko wa PCR (mara mbili) 12.5, kila praima ya mikromola 10 mikrolita 2.5, BSA (protini ya damu ya ng'ombe, yenye miligramu 20 kwa kila mililita) 0.5, maji 6, DNA 1 (nanogramu 1 hadi 10). BSA usiiache, inazishika humiki zilizobaki. Joto: nyuzi 95 dakika 5, kisha mizunguko 35 ya 95 sekunde 30, 55 sekunde 45, 72 sekunde 45, mwisho 72 dakika 10. Mara ya kwanza, kwenye ile hatua ya 55, jaribu 50, 52, 55 na 58 kwa pamoja. Mashine iunganishwe na UPS. Umeme ukikatika mzunguko wa 20 na mashine ikaanza upya yenyewe, hesabu ya mizunguko imeharibika na huwezi kulinganisha sampuli.

Vidhibiti: maji matupu, kichupa cha maziwa, Pseudomonas anayejulikana kuwa na alkB, na kila DNA ipimwe pia kwa praima za 16S, jeni ambayo kila bakteria anayo (27F AGAGTTTGATCMTGGCTCAG, 1492R GGTTACCTTGTTACGACTT, herufi karibu 1,500). 16S ikikataa, usiseme lolote kuhusu alkB.

Kwa nahAc na jamaa zake tumia praima za PAH-RHDα, ambazo zina seti mbili, kwa makundi mawili ya bakteria yanayotofautiana ukuta wa seli: ya Gram hasi hutoa kipande cha herufi 306 kwenye nyuzi 57, ya Gram chanya 292 kwenye nyuzi 54. Fanya zote mbili, la sivyo Mycobacterium wote umewaacha nje.

Jeli ya agarosi asilimia 1.5, volti 100, dakika 40. Praima zenye machaguo mengi hutoa mistari ya ziada, na mstari wa 550 peke yake si ushahidi. Kata, safisha, tuma isomwe. Ukipata mfuatano, ufasiri na utafute ndani yake EHxxGHH, kisha NYxEHYGL (x ni amino asidi yoyote). Zikikosekana, hata kama mstari ulikaa mahali pake, hiyo si alkB. Kama umesoma DNA yote ya udongo badala ya kipande kimoja, CANT-HYD ni mkusanyiko wa modeli 37 uliotengenezwa kwa jeni hizi hasa, na una za penye hewa na pasipo hewa.

Jibu ulifanyie nini

Mstari kwenye jeli unasema uwezo upo. Hausemi kazi inafanyika. Gereji nyingi zina jeni na mafuta hayaishi, kwa sababu bakteria hawana naitrojeni, fosfeti, maji au hewa. Ndiyo maana unga wa "bakteria wa kula mafuta" unaouzwa kwa bei ni mbuzi kwenye gunia: sahani zako zikiwa na njano na bluu, wenyeji wapo, walishe hao. Wala usizalishe koloni yako na kuimwaga uani. Anayenawiri sana kwenye dizeli mara nyingi ni Pseudomonas aeruginosa, na huyo anaingia kwenye vidonda.

Hesabu ya chakula: tani 1 ya udongo yenye mafuta gramu 10 kwa kilo ina mafuta kilo 10, kaboni karibu kilo 8.5. Kwa uwiano wa kaboni, naitrojeni na fosforasi wa 100:10:1 inahitaji naitrojeni kilo 0.85 na fosforasi kilo 0.085. Mbolea ya DAP kilo 0.42 inatoa fosforasi hiyo na naitrojeni kama kilo 0.08; inayobaki inatoka kwenye urea kilo 1.7. Usiweke kwa mkupuo. Udongo wenye maji asilimia 20 utakuwa na naitrojeni zaidi ya gramu 4 kwa lita ya maji yake, na juu ya gramu 2 bakteria wanaanza kuteseka. Gawa mara tatu, wiki tatu tatu.

Kama pH ya floridi ilizidi 9.4, hiyo fosforasi kilo 0.085 itanaswa kabla haijaliwa. Weka mara mbili au tatu ya hesabu, kidogo kidogo kila unapogeuza, na changanya samadi iliyoiva asilimia 5 hadi 10; asidi zake zinashindania nafasi kwenye alofani kama maziwa yalivyofanya kwenye kichupa. Fosfeti ya Minjingu ni rahisi kuipata hapa na inaachia polepole, ila inayeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi tu. Penye magadi itakaa kama mchanga.

Tandaza udongo juu ya turubai zito, unene usizidi sentimita 30, geuza kila wiki, nyunyiza hadi ukiubana mkononi ushikane bila kutoa tone. Masika funika, la sivyo mbolea na mafuta vitaishia Themi au Karanga. Oili chafu ina pia zinki na wakati mwingine risasi, na hizo hakuna jeni inayozila. Pima kabla ya kurudisha udongo popote panapolimwa.

Rundo la pili, dogo, ligeuzwe na kunyeshewa bila mbolea. Chukua sampuli za yote mawili siku ya 0, 14, 30, 60 na 90. Ukiwa na qPCR (PCR inayohesabu nakala), gawanya nakala za alkB kwa za 16S. Kwa kawaida uwiano hupanda wiki za mwanzo, kisha hushuka alkani nyepesi zikiisha huku mafuta mengine bado yapo. Hapo ndipo wengi husema bakteria wamekufa na kuacha kugeuza. Pima PAH-RHDα ya Gram chanya kabla ya kukunja turubai.